Usaili wa Hiari wa Kuingia Chuo Kikuu: Namna ya Kuamua na Kujiandaa

Hapa Tanzania mwombaji wa shahada ya kwanza hupimwa hasa kwa matokeo yake ya mitihani, chini ya taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na kwa programu nyingi haitwi kuhojiwa. Kwa sababu hiyo, kijana wa Nansio aliyeomba chuo cha ng'ambo, akapokea barua inayomwalika kwenye usaili wa "hiari", huweza kulichukua neno hilo kuwa ruhusa ya kukaa kimya. Somo hili linakusudia kuwaeleza vijana, wazazi na walimu kwa nini ukimya huo huweza kumpunguzia mwombaji nafasi yake.

1. Maana ya hiari

Vyuo havifanani. Katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, Uingereza, usaili ni sehemu ya mchujo wenyewe, na mwombaji aliyeitwa hana budi kuitikia. Katika vyuo kadhaa vya Marekani, usaili hufanywa na wahitimu wa zamani wanaojitolea, nao hawatoshi kuwafikia waombaji wote duniani. Chuo Kikuu cha Harvard, kwa mfano, huhesabu ombi kuwa limekamilika hata kama mwombaji hakupangiwa usaili.

Hata hivyo, asiyepangiwa si sawa na aliyealikwa akanyamaza. Wa kwanza hakupewa nafasi. Wa pili ameiacha, na chuo hakina njia ya kujua kama kilichomzuia ni mtandao, woga, au kutojali.

2. Kuamua

Mwombaji ajiulize maswali matatu. Je, lipo jambo muhimu ambalo fomu haikulieleza? Je, anaweza kupata mahali penye utulivu na mtandao wa kuaminika? Je, muda uliobaki unatosha kufanya mazoezi walau mara mbili?

Ikiwa jibu la swali la kwanza ni ndiyo, inafaa akubali. Ikiwa kikwazo ni mahali au muda, aombe kwanza tarehe nyingine au mazungumzo kwa simu ya kawaida. Akilazimika kukataa, ajibu mapema, ashukuru na ataje sababu kwa ufupi. Lafudhi ya Kikerewe, Kijita au Kikara si sababu ya kukataa. Msaili hutaka kusikia fikra za kijana, na Kiingereza kinachoeleweka chatosha.

3. Kujiandaa

Kwanza, saa ihakikishwe. Msaili aliyeko Boston akiandika 10:00 asubuhi katika mwezi wa Januari, hiyo ni saa 4 asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili, lakini kwake. Nansio iko mbele kwa saa 8, hivyo mwombaji atapaswa kuwa tayari saa 12 jioni. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba tofauti hupungua kuwa saa 7. Anayelazimika kwenda Mwanza kufuata mtandao avuke siku moja kabla, kwa kuwa ziwa halina ahadi.

Pili, mwombaji atayarishe ushahidi wa maisha yake. Watoto wengi wa visiwani wamelelewa kutojisifu mbele ya wakubwa, na malezi hayo ni mema. Lakini kueleza kazi uliyoifanya si majivuno. Badala ya kusema "mimi ni mchapakazi", kijana aeleze kuwa alimtunzia mama yake daftari la mauzo ya dagaa, akagundua kuwa nauli ilikuwa inakula faida, na wakabadili siku za kusafirisha. Maelezo ya namna hiyo humwonyesha msaili jinsi kijana anavyofikiri.

Tatu, afahamu kwao na aendako. Akiulizwa juu ya kitabu, hana haja ya kutafuta cha mbali asichokisoma. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Aliyeisoma anayo mengi ya kusema. Aandae pia maswali mawili ya kumwuliza msaili, yale ambayo majibu yake hayamo katika maelezo ya chuo.

Nne, afanye mazoezi na mwalimu au jamaa asiyemwonea haya. Majibu yasikaririwe, kwa sababu aliyekariri huduwaa swali linapobadilishwa kidogo.

4. Tahadhari

Mhitimu anayesaili kwa niaba ya chuo hamtozi mwombaji ada. Anayedai fedha atiliwe shaka, na barua yake ihakikishwe kwa anwani rasmi ya chuo. Ikiwa ni kukutana ana kwa ana, iwe mahali pa wazi, na mzazi au mlezi ajue. Aidha, kukubaliwa chuoni si ruhusa ya kuingia nchi hiyo. Masharti ya viza hubadilika, na yaulizwe ubalozini kabla ya gharama yoyote.

Wazazi wanaombwa kumpa kijana aliyealikwa chumba kimya na nafasi ya kujitayarisha, kazi za nyumbani zikingoja. Walimu nao wanaombwa kuulizia kila mwaliko ambao bado haujajibiwa.