Mambo Yampasayo Kijana Atakaye Kuwa Rubani wa Jeshi

Kijana akaaye Mraru, katika vilima vilivyo karibu na Voi, huzoea mvumo wa ndege tangu utotoni. Ndege ndogo za walinzi wa wanyama huzunguka juu ya mbuga ya Tsavo, na ndege kubwa za abiria hupita juu zikienda na kutoka Mombasa. Si ajabu basi kwamba vijana wengine hutamani kurusha ndege wenyewe, hasa ndege za jeshi. Wakiulizwa ni jambo gani limpasalo zaidi mtu aombaye kazi hiyo, wengi hujibu, "Ushujaa." Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Mtu shujaa asiyejua hesabu, au asiyesema kweli, ni hatari kwa nafsi yake na kwa wenzake.

Fundisho la Salaita

Nchi ya Taita na Taveta si ngeni kwa ndege za vita. Katika miaka ya 1915 na 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa na viwanja vya ndege Maktau na Mbuyuni, kando ya njia ya reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Voi kwenda Taveta. Kazi kubwa ya marubani wale haikuwa kupigana angani. Kazi yao ilikuwa kutazama chini, kutambua adui alipo, na kurudi kueleza.

Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yaliushambulia mlima wa Salaita, mashariki ya Taveta. Mizinga ilipiga kileleni, kumbe mahandaki ya jeshi la Wajerumani yalikuwa chini, karibu na mguu wa mlima. Shambulio likashindwa, na watu wengi wakauawa na kujeruhiwa. Fundisho lake ni wazi: askari aendaye kwa miguu hutegemea habari za wale wamtangulizao kuona. Habari isiyo kamili huua watu kama risasi. Kwa hiyo mtu atakiwaye angani ni yule aonaye vizuri, afahamuye alichokiona, na asemaye kama kilivyo.

Mambo hayo matatu, yaani mwili, elimu na tabia, ndiyo yapimwayo hata leo.

Mwili

Kenya ilianzisha jeshi lake la wanahewa tarehe 1 Juni 1964, penye kiwanja cha Eastleigh mjini Nairobi, ambacho zamani kilikuwa cha Waingereza. Ndege za kwanza za kufundishia zilikuwa ndogo, za aina ya Chipmunk. Tangu siku zile hata sasa, mwombaji hapati kukaa penye usukani kabla ya kupimwa na madaktari.

Macho hupimwa kwanza, na si kwa kuona mbali tu, bali kwa kutofautisha rangi pia. Sababu yake ni hii. Kila ndege irukayo usiku huwa na taa nyekundu kwenye bawa la kushoto, na taa ya kijani kwenye bawa la kulia. Rubani akiona mbele yake taa nyekundu upande wake wa kulia na ya kijani upande wake wa kushoto, hufahamu mara moja kwamba ndege ile inamjia uso kwa uso. Mtu asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani huona taa mbili tu, naye hajui kama ndege inakwenda au inakuja.

Masikio na pua nazo hutazamwa sana. Ndege ipandapo juu, hewa ya nje hupungua uzito, na hewa iliyo ndani ya sikio hutafuta njia ya kutoka. Ndege ishukapo, mambo hugeuka. Mtu mwenye mafua mazito njia ile huziba, akapata maumivu makali, pengine hata kizunguzungu. Hapo juu kabisa hewa ni nyepesi, na mtu akikosa hewa ya kutosha akili yake hulegea bila yeye kujua. Huweza hata kucheka na kujiona mwenye nguvu, huku anakaribia kuzimia. Ndiyo sababu moyo na mapafu hupimwa kwa uangalifu.

Elimu

Watu wengine hudhani kwamba kurusha ndege ni kazi ya mikono tu, kama kuendesha gari. Sivyo. Katika miaka ya 1970 akina mama wa Mraru walichanga fedha zao kidogo kidogo, wakanunua basi la kuwapeleka Voi sokoni, na sifa zao zikafika mbali. Basi likiishiwa na mafuta husimama kando ya barabara, na abiria hushuka wakangoja. Ndege haina kando ya barabara.

Chukua hesabu hii. Ndege ina mwendo wa kilomita 240 kwa saa, na safari ni ya kilomita 240. Bila upepo, rubani atafika kwa dakika 60. Lakini upepo ukivuma kutoka mbele kwa kilomita 40 kwa saa, mwendo wake juu ya nchi utakuwa kilomita 200 tu, na safari itachukua dakika 72. Ikiwa alitia mafuta ya dakika 70, akidhani ana akiba ya dakika 10, injini itazimika kabla ya kufika, zikiwa zimebaki karibu kilomita 7. Hesabu hii yaweza kufanywa na mtoto wa shule, lakini rubani hana budi kuifanya haraka, huku anaongoza ndege, anasikiliza redio na kutazama mawingu.

Kwa ajili hiyo Hisabati na masomo ya sayansi hutakiwa sana, na Kiingereza vilevile, kwa kuwa ndiyo lugha itumikayo zaidi katika redio za ndege. Kwa mujibu wa matangazo ya miaka ya karibuni, aombaye kuwa afisa mwanafunzi katika jeshi la Kenya yampasa awe raia mwenye umri wa miaka 18 hadi 26, na awe na wastani usiopungua B katika mtihani wa kumaliza shule ya sekondari. Wasichana huomba sawasawa na wavulana. Yafaa pia kukumbuka kwamba rubani wa jeshi ni afisa kwanza, ndipo awe rubani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: asiyependa kuamriwa, kuamka mapema na kutembea na mzigo mgongoni, hatafika penye ndege.

Tabia

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote. Chukua mfano wa vijana wawili. Wa kwanza aliugua pumu utotoni, naye anamficha daktari kwa kuogopa kukataliwa. Wa pili ana ugonjwa uleule, naye anausema. Huenda wa pili akakataliwa, akarudi nyumbani kwa huzuni, lakini yu hai, na kazi nyingine zipo. Wa kwanza akikubaliwa, siku moja pumzi yaweza kumbana akiwa juu ya milima, na nyuma yake wamekaa askari waliomwamini.

Rubani mwema akikosea hukiri kosa lake siku ileile, hata kama hakuna aliyemwona. Gurudumu likigonga chini kwa nguvu, humwambia fundi. Akinyamaza, rubani wa kesho atapanda ndege yenye ufa bila habari.

Uaminifu kwa kiapo ni sehemu ya tabia hiyo. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya wanahewa wa Kenya walijaribu kuipindua Serikali. Jaribio lilizimwa, watu wengi wakafa, na jeshi zima la wanahewa likavunjwa na kuundwa upya kwa jina jingine. Jina la kwanza halikurudi mpaka mwaka 1994. Wengi walipoteza kazi waliyoisomea kwa miaka mingi.

Tena, mtu asianze safari hii kwa hongo. Kuandikishwa jeshini hakulipiwi hata senti moja. Wako matapeli wauzao barua za uongo za kuitwa kazini, na wazazi wengine wameuza ng'ombe au shamba ili kuzinunua. Kijana afikaye kambini na barua kama hiyo hupelekwa polisi, na fedha za wazazi zimekwisha potea. Mzazi akiambiwa, "Mzee, toa kitu kidogo, mtoto ataingia," ajue kwamba anaibiwa.

Yafaayo kufanywa sasa

Kijana wa Mraru atakaye kazi hii na aanze mapema. Ashike Hisabati akiwa bado shuleni. Apimwe macho hospitalini kabla ya kujipa matumaini makubwa. Aweke salama cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na vyeti vya shule. Asome tangazo la Wizara ya Ulinzi mwenyewe, neno kwa neno, wala asitegemee maneno ya sokoni, maana masharti yaweza kubadilika.

Juu ya yote, ajizoeze kusema kweli katika mambo madogo: chenji ya duka, kazi ya shamba, alama za mtihani. Mwalimu wa urubani aweza kumfundisha mtu kugeuza ndege na kuitua. Kumfundisha kusema kweli mtu aliyezoea uongo ni kazi ngumu zaidi, na angani nafasi ya kujifunza hilo ni ndogo sana.