Rejeta moto chini, baridi juu

*Fundi, nimepanga nyumba Leicester, Uingereza. Rejeta ya sebuleni inapata moto chini tu, juu baridi kabisa. Ninunue nyingine? Mama Z.*

Mama Z, usinunue kitu. Hewa imenaswa humo ndani, na pale ilipo maji ya moto hayafiki. Zima mfumo, uache rejeta ipoe. Kinga kitambaa chini ya vali ndogo iliyo juu pembeni, uifungue kwa ufunguo wake, nusu mzunguko tu kuelekea kushoto. Hewa itafoka, maji yakianza kutoka, funga. Kisha tazama geji ya presha ya boila, maana presha hushuka hewa ikitoka, na wengi huisahau na nyumba nzima hukosa joto: mfumo ukiwa baridi, kwa kawaida isome kati ya bar 1 na 1.5.

Ingekuwa baridi chini, ningeshuku tope la kutu, na hilo ni la fundi kusafisha. Kubadilisha ni pale rejeta inapotoboka. Hewa ikirudi mara kwa mara, au ukiona maji yakivuja, mwambie mwenye nyumba mapema. Huko kwenu sheria ya upangaji ya 1985 inamtwika yeye matengenezo hayo. Boila ya gesi usiifungue kamwe: aitwe fundi aliyesajiliwa na Gas Safe.