Mpe Maharage, Si Mchuzi Wake

Kijitabu cha lishe kwa kaya za Kinondoni, Temeke na vitongoji vyake

Chungu cha maharage kikiiva Mbagala au Tandale, mgawo huwa unajulikana kabla ya kupakua. Baba anawekewa maharage mazito, na samaki akiwepo, kipande cha katikati ni chake. Watoto wakubwa wanafuata. Mdogo wa mwaka mmoja anapondewa ugali kwa mchuzi, maana "bado hana meno". Anakula, anashiba, analala. Protini imebaki kwenye sahani za wenzake.

Kazi ya protini

Misuli, damu, ngozi, nywele, kinga ya mwili, hata vimeng'enya vinavyosaga chakula tumboni, vyote vinahitaji protini. Protini yenyewe ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Ziko aina 20. Nyingi kati yake mwili hujitengenezea, lakini 9 lazima ziliwe. Fundi wa shanga anayefuata mchoro, shanga nyekundu zikimwishia, hawezi kuendelea hata kama nyeupe zimejaa bakuli. Mwili nao, asidi amino moja kati ya zile 9 ikipungua, ujenzi unakwama, na zilizobaki huchomwa kupata nguvu.

Hapo ndipo ugali unapotuangusha. Mahindi yana protini, kiasi cha gramu 8 katika kila gramu 100 za unga, ila yana upungufu wa asidi amino mbili: lisini na triptofani. Sembe tunayoipenda kwa weupe wake imeondolewa kiini cha punje, na kiini ndicho chenye protini iliyo bora zaidi. Dona inaizidi sembe, ingawa huharibika mapema. Nunua kidogo kidogo.

Maharage, kunde, choroko, dengu na mbaazi zina lisini tele. Kilichopungua humo ni methionini, ambayo nafaka inayo. Kwa hiyo makande, wali kwa maharage, na maandazi kwa mbaazi za nazi ni milo iliyokamilishana. Nafaka na kunde si lazima zipikwe chungu kimoja wala kuliwa kwa mkupuo. Zikiliwa siku hiyo hiyo, mwili unazikutanisha wenyewe. Yai, maziwa, samaki, dagaa na nyama zina zote 9 kwa uwiano mzuri, ndiyo maana kidogo chake kinamtosha mtoto.

Chakula kingi si lazima kiwe chakula kamili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, kunakolimwa mahindi mengi. Udumavu una sababu nyingine pia, kama kuharisha mara kwa mara, maji machafu na mama kudhoofika akiwa mjamzito. Lakini sahani ya mtoto ni sehemu ambayo kaya inaweza kuibadilisha leo jioni.

Kiasi gani?

Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 50 hivi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji gramu 13 tu au pungufu kidogo. Yai moja lina gramu 6. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 7. Hesabu imeishia hapo, kabla hujaweka uji wala maziwa ya mama. Pesa ya soda moja kwa kawaida hununua yai na chenji ikabaki.

Mama mjamzito huhitaji nyongeza, hasa miezi mitatu ya mwisho, na anayenyonyesha vilevile. Akiambiwa na majirani asile mayai mtoto asije akazaliwa kipara, awasikilize kwa adabu na ale yai lake.

Vijana wanaonyanyua vyuma na kununua makopo ya unga wa protini wangepata kitu kilekile kwenye maharage na mayai, kwa pesa ndogo zaidi. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye asijipangie kiasi cha protini mwenyewe. Amuulize daktari wake.

Supu ya kongoro na wenzake

Supu ya kongoro ina heshima yake, na ladha yake haina mpinzani. Ila ule utelezi unaoganda ikipoa ni protini isiyo na triptofani kabisa. Mtoto akinyweshwa maji ya mifupa peke yake, hajengeki kwa hayo. Mchuzi wa maharage na wa dagaa ni hivyo hivyo: ladha imetoka, protini nyingi imebaki kwenye maharage na dagaa wenyewe.

Asiye na meno apondewe. Chemsha maharage mpaka yavunjike, yaponde kwa mwiko, ondoa maganda kama yanamsumbua. Kuyaloweka usiku kucha kunapunguza mkaa, na maji ya kulowekea yamwagwe. Anayenunua maharage yaliyochemshwa kwa mama wa mtaani ayachemshe tena vizuri kabla ya kumpa mtoto.

Dagaa ni hazina iliyo karibu. Wawe wa Kigoma, wa Mwanza au dagaa mchele wa pwani, wakikauka zaidi ya nusu ya uzito wao huwa ni protini, na mifupa yao huongeza madini ya chokaa. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu watoke mchanga na chumvi, wakaushe, wakaange bila mafuta, kisha watwange wawe unga. Kijiko kimoja kwenye uji au mboga ya mtoto kinatosha. Utumbo na firigisi za kuku nazo ni protini nzuri zikisafishwa na kuiva sawasawa.

Unga wa lishe wa mchanganyiko

Mitaani unauzwa unga wenye vitu vinane, kumi, vyote vimesagwa pamoja. Hatuupendekezi. Soya isiyochemshwa au kukaangwa kabla ya kusagwa ina kitu kinachozuia mwili kusaga protini. Karanga ikisagwa na nafaka huchacha upesi, na ikiwa na ukungu hubeba sumukuvu, ile iliyougulisha watu na kuua Dodoma na Manyara mwaka 2016. Saga nafaka peke yake. Uji ukikaribia kuiva, tia karanga safi zilizokaangwa na kusagwa, au maziwa, au yai lililopigwa, na uendelee kuchemka. Ongeza kijiko cha mafuta au tui, kwa sababu mtoto asiyepata nguvu ya kutosha huchoma protini badala ya kujengea mwili.

Anza vyakula hivi akitimiza miezi sita, na aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Dalili za kumkimbiza kituoni

Bonyeza sehemu ya juu ya nyayo zote mbili za mtoto kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki, huo ni uvimbe, na mtoto aonwe siku hiyo hiyo. Dalili nyingine ni nywele kubadilika rangi na kung'oka kirahisi, ngozi kuchubuka, uso kuvimba, mtoto kununa na kukataa chakula. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akipima mkono kwa utepe, chini ya sentimeta 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo mkali.

Mtoto wa namna hii usimshindilie nyama na mayai nyumbani. Hospitalini huanzishiwa maziwa maalumu yenye protini kidogo sana, kwa sababu ini na figo zake haziwezi kubeba zaidi, na kiasi huongezwa uvimbe unapopungua. Njiani kuelekea hospitali ya Mwananyamala au Temeke mfunike asipate baridi, na kama bado ananyonya, usimkatishe ziwa.