Kocha Aondoke au Abaki? Tusome Luka 13 Kwanza

Somo: Luka 13:1-9



Hapa Gulwe mechi ya Simba au Yanga ikiisha, watu hawaendi kulala. Kibanda umiza kinafungwa, lakini nje bunge ndiyo kwanza linaanza. Mmoja kakaa juu ya bodaboda yake, mwingine kaegemea ukuta, na hoja ni moja tu: kocha aondoke au abaki? Wazee wakipita wanatikisa kichwa. Nimewahi kusikia hata katekista akisema ni kupoteza muda. Mimi naona tofauti. Ubishi ule ni mahali ambapo kijana anajifunza kuhukumu, na kama atajifunza vibaya pale, hatahukumu vizuri akiwa kwenye jumuiya, kwenye kwaya, wala kwenye ndoa yake.

Twende na mambo yaliyotokea. Tarehe 5 Novemba 2023 Simba ilifungwa na Yanga mabao 5-1 pale Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mnakumbuka: Musonda alifunga mapema, Kibu Denis akasawazisha, kipindi cha pili ikawa mvua. Kabla ya siku ile Simba ilikuwa haijapoteza mchezo hata mmoja wa ligi msimu huo. Siku mbili baadaye klabu ikatangaza kuachana na kocha wake Mbrazili, Roberto Oliveira, yule tuliyemwita Robertinho.

Na kwenye benchi la Yanga jioni ile alikuwa nani? Miguel Gamondi, Muajentina. Mtaani alikuwa mfalme. Msimu huo alitwaa ubingwa wa ligi na Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, na akaifikisha Yanga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako waliondolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti. Haya, Novemba 2024, yaani mwaka mmoja tu baada ya zile tano, akafungwa na Azam 1-0, kisha na Tabora United 3-1. Katikati ya mwezi huohuo naye akaonyeshwa mlango. Mshindi na mshindwa wa dabi ile wote walitoka kwa njia moja.

Sasa sikilizeni hoja za kibandani. Shabiki wa Yanga anasema: "Tuliona! Gamondi aliondoka, na msimu wa 2024/25 tukachukua ubingwa. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa sahihi." Sawa kaka, lakini Simba nayo ilimwondoa Robertinho, na msimu ule ilimaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Kwa hoja yako uamuzi wa Simba ulikuwa mbaya? Halafu yule aliyempokea kijiti Gamondi, Sead Ramovic, hakumaliza hata miezi mitatu akaenda Algeria, na ubingwa ukaja chini ya Miloud Hamdi. Basi sifa tumpe nani? Darasani tulifundishwa kwamba hili ni kosa la zamani sana la hoja: kudhani kwamba jambo likitokea baada ya jingine, basi limesababishwa na hilo jingine. Jogoo anawika, jua linachomoza. Hakuna aliyesema jogoo ndiye analileta.

Watu wa Gulwe tunalijua hili bila kwenda chuo. Mafuriko ya Kinyasungwe yalipokuwa yakikata reli ya kati huku kati ya Kilosa na Gulwe, treni ilikuwa haifiki. Sijasikia mzee yeyote akisema dereva wa treni hajui kazi. Watu waliuliza maji yametoka wapi. Lakini timu ikifungwa tunaruka moja kwa moja hadi kwa dereva.

Ndiyo maana nimeanzia Luka 13. Wengi tunaanza kusoma mstari wa 6, penye mtini, tukiacha mistari mitano ya mwanzo. Pale watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Naye anawaongezea habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane. Anawauliza kama wanadhani marehemu wale walikuwa wakosefu kuliko wengine, na jibu lake ni hapana. Kisha anawageuzia kibao: ninyi wenyewe mnahitaji kutubu. Kwa hiyo Yesu anazuia hoja moja mahususi, ile ya kutoka kwenye matokeo mabaya kwenda kwenye ubaya wa mtu. Ameanguka, basi ana dhambi. Amefungwa tano, basi ni mjinga, au mbaya zaidi, basi amekula hela.

Baada ya hapo ndipo unakuja mtini. Na hapa wale wa "kocha abaki" wasishangilie mapema. Mwenye shamba si mtu wa hasira za dakika tisini. Amekuja kutafuta tunda miaka mitatu mfululizo, hajapata. Ana haki kabisa ya kusema mti unamaliza rutuba ya bure. Na angalieni mtunza shamba anavyojibu: hakatai kwamba mti hauna tunda. Hasemi "bosi unatuonea" wala "refa alitubeba vibaya". Anaomba mwaka mmoja, anaeleza atafanya nini mwaka huo, atapalilia na kuweka mbolea, halafu anakubali kwamba ikishindikana, ukatwe. Mkulima wa huku anayetoa samadi zizini na kuibeba hadi shambani jua likiwaka anajua kwamba yule mtunza shamba hakuomba pumziko. Aliomba kazi ya ziada.

Hapo ndipo napenda kuwabana mashabiki wa pande zote. Unayesema abaki: samadi iko wapi? Kitabadilika nini, beki ipi, mazoezi yapi, kwa muda gani? Kama jibu ni "tumpe muda" tu, umeomba mti ukae bila kupaliliwa. Na wewe unayesema aondoke: umekuja shambani mara ngapi? Mechi mbili si miaka mitatu. Kusema kocha aondoke si dhambi, niliseme hilo wazi, maana kuna vijana wameniuliza hadi kama ni jambo la kuungama. Hapana. Kazi ina vipimo, na anayelipwa kwa kazi hupimwa kwa kazi.

Dhambi inaingilia mlango mwingine. Mtakatifu Thomas wa Akwino, kwenye Summa Theologiae anapozungumzia haki, anasema hukumu halali inahitaji mambo matatu: itoke kwenye moyo wa haki, itolewe na mwenye mamlaka, na ifuate busara. Likikosekana la kwanza ni uonevu. Likikosekana la pili umejitwalia kiti kisicho chako. Likikosekana la tatu, yaani unahukumu mambo yasiyo hakika kwa dalili nyepesi, hiyo ni hukumu ya kukurupuka. Tujipime. Mamlaka ya kumwondoa kocha hatuna, iko kwa viongozi wa klabu. Sisi kibandani tuna maoni, na maoni yanaruhusiwa kubadilika kesho asubuhi, jambo ambalo hukumu haiwezi. Ndiyo raha yake.

Lakini neno "kauza mechi" si maoni. Hilo ni shtaka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inatenganisha makosa matatu: kumwamini mtu ni mbaya bila msingi wa kutosha, kutangaza makosa yake ya kweli bila sababu ya haki, na kumharibia jina kwa uongo. "Kauza mechi" bila ushahidi linaanzia kwenye la kwanza, na likipita midomo mitatu limeshafika la tatu. Tunadhani halina madhara kwa sababu kocha yuko Dar es Salaam na hatusikii. Hapahapa kuna vijana wawili wa kwaya, mmoja sauti ya tatu, mwingine ya nne, walioanza kwa kocha. Baada ya wiki mmoja akamwambia mwenzake kwamba na yeye ndivyo alivyo, alikula hela ya sare za kwaya. Hakuna hesabu iliyoangaliwa. Sasa kwenye kupeana amani mmoja anageukia nguzo. Ulimi ulizoea kwa kocha, ukaenda kwa jirani.

Na Gamondi? Novemba 2025 alikabidhiwa Taifa Stars kwa muda, akaifikisha 16 bora ya AFCON kule Morocco, mahali ambapo Tanzania haikuwa imewahi kufika, na walioimba aondoke walikuwa kibandani wakimshangilia. Sisemi kwamba Yanga walikosea. Inawezekana kabisa mti ukahitaji shamba jingine.

Mtagundua pia kwamba Luka hatuambii mtini uliishia wapi. Mwaka ule wa nyongeza hatuoni mwisho wake.

Kwa kikao cha vijana Jumapili baada ya Misa: kila mmoja aje na hoja moja ya upande asioupenda, aitetee kwa dakika tatu bila kucheka. Mwenye Simba amtetee kocha wa Yanga, na kinyume chake. Kisha tutasoma Luka 13:1-9 polepole, na kila mmoja ajibu kimyakimya: ni mtu gani nimeshamkata moyoni bila kumpalilia hata mara moja? Mtunza hazina wa kwaya ameombwa aje na daftari la sare.