MILANGO MITANO YA FAHAMU: SOMO KWA WAZAZI

Mwenyezi Mungu amempa mtoto milango mitano ya kupokelea elimu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Yapasa mzazi amsaidie kuifungua, wala kazi hii haihitaji fedha. Kwa wakazi wa Kibiti na Delta ya Rufiji, yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine po pote Tanzania, vifaa vyote vimo nyumbani na kandokando yake.

MACHO: Maji yajaapo, chomeka kijiti penye ukomo wake, mtoto akitazama kutoka mbali kwa kuhofia mamba. Rudini baada ya saa sita hivi, maji yamekwisha kupwa. Muulize, "Maji yamekwenda wapi?" Usimjibu upesi, mwache afikiri.

PUA: Mfumbe macho, umnusishe embe bivu, kisha samaki mkavu, naye avitaje.

NGOZI: Apapase mpunga wenye makapi, kisha mchele, kifuu cha nazi, kisha mkeka. Mfundishe maneno: laini, kavu, enye kukwaruza.

ULIMI: Mpe jani la mchu aliguse kwa ncha ya ulimi. Ataona chumvi, kwa sababu mti huo hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi yake majanini. Kisha mpe dafu, aseme tofauti. Lakini mwonye asionje kitu bila ruhusa. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayobabua midomo na ngozi.

MASIKIO: Akiwa amefumba macho, twanga kinuni, pepeta kwa ungo, mimina maji mtungini. Atambue kila sauti.

Na hapa pana jambo kubwa. Mwite kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake. Kama hageuki, nawe umelijaribu hilo mara kadhaa, usimwite mkaidi wala usimpige, huenda hasikii. Hali kadhalika, sikio litokalo usaha si jambo la kupuuzwa. Mpeleke zahanati mapema, kwani asiyesikia maneno huchelewa kuyasema, na kila mwezi unaopita ni hasara kwake.

Basi, ewe mzazi, mchezo huu wa dakika chache humfundisha mtoto, nawe hukujulisha mlango gani wa fahamu yake umefungwa, ungali na wakati wa kumtafutia msaada.