Gharama ya Kuigawa Idara: Somo la Dawa za Hospitali

Mtu akisikia kwamba idara ya serikali itapangwa upya, mara nyingi hudhani kwamba kazi ni kubadili majina milangoni tu. Sivyo. Kila mabadiliko yana bei yake, na bei hiyo hulipwa kwa kodi ya mkulima na ya mtu wa mjini. Yafaa basi tujifunze jinsi fedha hizo zitumikavyo, na mfano wetu ni ununuzi wa dawa katika Kenya.

Katiba ya mwaka 2010 iliigawa nchi katika kaunti 47. Agosti 2013 zahanati, vituo vya afya na hospitali nyingi zilikabidhiwa serikali za kaunti. Kabla ya hapo Wizara ndiyo iliyolipia dawa, na shirika la serikali liitwalo KEMSA likazisambaza. Tangu hapo mlipaji mmoja akawa walipaji 47.

Gharama ya kwanza ni watu. Kila kaunti yahitaji wafamasia, maofisa wa ununuzi na wahasibu, na mishahara yao hailipwi mara moja ikaisha, bali hurudi kila mwezi.

Ya pili ni bohari. Dawa haziwekwi kama magunia ya mahindi. Chanjo, kwa mfano, zataka baridi. Majokofu, magari na mafuta yote huingia katika makisio ya mwaka.

Ya tatu ni bei yenyewe, nayo haionekani upesi. Tuseme kopo la dawa lauzwa shilingi 900 kwa aagizaye makopo zaidi ya 5,000, na shilingi 1,000 kwa aagizaye 200. Kaunti 47 zikiagiza 200 kila moja, zitalipa shilingi 9,400,000. Zikiagiza pamoja, zitalipa 8,460,000. Shilingi 940,000 zilizosalia zatosha kununua makopo mengine zaidi ya 1,000.

Kwa hiyo KEMSA haikufutwa. Sheria ya mwaka 2013 iliipa msingi mpya, na kaunti zaweza kununua kwake. Lakini baadhi ya kaunti zilichelewa kulipa, na madeni yao yakafika mabilioni ya shilingi. Bohari isiyolipwa haiwezi kununua tena, ndipo mgonjwa aambiwapo, "Dawa hakuna, kanunue dukani."

Haya hayamaanishi kwamba ugawaji ni kosa. Zahanati iliyo kando ya Ziwa Victoria yahitaji dawa ya malaria kuliko ile ya nyanda za juu za Nyandarua, na aliye karibu hujua haja hiyo mapema zaidi. Faida hiyo ni ya kweli, ila hupatikana tu ikiwa fedha za dawa zimetengwa tangu mwanzo na kulipwa kwa wakati. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa sheria, makisio ya kaunti hupelekwa katika baraza lake kabla ya mwisho wa Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Wananchi wanayo haki ya kutoa maoni. Basi, msomaji, uhudhuriapo mkutano huo, uliza mambo matatu: Fedha za dawa ni kiasi gani? Deni la mwaka uliopita limelipwa? Na bei tuliyonunulia yalinganaje na ya jirani zetu?