Chunusi baada ya miaka arobaini: tupake nini usoni?

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo akina mama wengi huniuliza kwa sauti ya chini, tukikutana sokoni pale Parvis au tukisubiri tramu hapa Saint-Gilles: "Dada nesi, nina miaka arobaini na sita, watoto wangu ni wakubwa, inakuwaje natoka chunusi kama msichana wa sekondari?"

Kwanza kabisa, swali hili si la aibu. Chunusi za ukubwani zipo, na huwapata zaidi wanawake. Miaka inayokaribia kukoma hedhi, homoni hupanda na kushuka bila mpangilio, na chunusi hutoka hasa kidevuni na kwenye taya.

Tatizo ni kwamba ngozi ya miaka 46 si ile ya miaka 16. Ngozi ya msichana ina mafuta mengi na huvumilia dawa kali. Yetu mafuta yamepungua, ni kavu zaidi na huchelewa kupona. Ukiishambulia kwa dawa kali itakauka, itawasha na kuvimba. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi, kila palipovimba huacha doa linaloweza kukaa miezi mingi. Doa hilo ndilo linalotupeleka pabaya.

MKOROGO SI DAWA YA CHUNUSI

Dada mmoja aliwahi kuniletea tyubu tatu ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amezipaka miaka miwili, na yote yalianza na chunusi tano za kidevuni zilizoacha madoa. Alipokuja kwangu, uso mzima ulikuwa na vipele, na maji ya kawaida yalimchoma hadi akalia.

Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zinazouzwa chini kwa chini huwa na hidrokwinoni, zebaki, au dawa kali ya jamii ya steroidi iitwayo klobetasoli. Hidrokwinoni imepigwa marufuku katika krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa kama vipodozi Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2001, na Tanzania ilipiga marufuku vipodozi vyenye hidrokwinoni na zebaki mwaka 2003. Zebaki huharibu figo. Steroidi hudanganya: wiki za mwanzo uvimbe unatulia, uso unang'aa, majirani wanakusifu. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba na krimu yenyewe inaleta chunusi. Ukiacha, uso unalipuka, ukirudia, unatulia. Hapo umeshanaswa.

Kwa hiyo soma boksi. Ukiona "hydroquinone", "clobetasol", "mercury" au "mercure", rudisha dukani. Na kama boksi halionyeshi kabisa viambato vyake, hiyo peke yake inatosha kukufanya uiache. Lakini kama umeshaitumia kwa miezi, usiache ghafla ukiwa peke yako. Nenda kwa daktari na tyubu yako mkononi, bila kuficha, ili akupangie namna ya kuacha.

HATUA NNE ZA KUANZIA

Ngozi ya namna hii inahitaji vitu vichache na subira. Mimi huwaambia waanze hivi:

1. Kuosha. Osha uso mara mbili kwa siku, kwa vidole na maji ya uvuguvugu. Acha sabuni ya kufulia, acha dodoki. Ile sabuni nyeusi na glavu ya kusugulia zinazouzwa kwenye maduka ya Wamoroko ni nzuri kwa mgongo na miguu, si kwa uso wenye chunusi. Chunusi haisababishwi na uchafu, na kusugua huizidishia hasira. Maji ya bomba ya Brussels yana chokaa nyingi na hukausha ngozi, kwa hiyo chagua kiosheo laini kisicho na manukato. Kwenye chupa tafuta maneno "peaux sensibles", yaani ngozi nyepesi kudhurika, na "sans parfum", yaani bila manukato.

2. Kulainisha. Wengi wanaogopa kupaka mafuta kwa sababu ya chunusi. Lakini wakati wa baridi, radieta ikiwaka usiku kucha, ngozi kavu hupasuka na dawa yoyote itaichoma. Paka losheni nyepesi uso ukiwa bado na unyevu, iliyoandikwa "non comédogène", yaani iliyotengenezwa isizibe vinyweleo. Mafuta ya nazi na siagi ya shea yaache kwa mikono na miguu. Mafuta ya nywele na jeli ya kulazia nywele za mbele nazo huziba ngozi ya kipaji, kwa hiyo baada ya kusuka pangusa kipaji vizuri.

3. Dawa moja tu. Usichanganye dawa tatu kwa pupa. Kwa ngozi ya aina hii, mimi huanza kufikiria asidi ya azelaiki, kwa sababu inatibu chunusi na pia inapunguza madoa. Benzoili peroksidi nayo inafaa, ila anza na nguvu ndogo, na ujue inababua rangi ya taulo, mito na kanga. Dawa za jamii ya retinoidi ni nzuri lakini zinachoma zaidi mwanzoni, na mwenye mimba au anayetafuta mimba asizitumie. Msicheke, kwenye miaka arobaini mimba bado inaingia. Muulize mfamasia, pale penye msalaba wa kijani, ipi inahitaji cheti cha daktari.

Kabla ya kupaka uso mzima, jaribu kiasi kidogo chini ya taya kwa siku tatu. Kusipowasha, anza kupaka usiku mmoja na kuruka mmoja.

4. Kinga ya jua. Najua mtasema, "Jua gani la Ubelgiji?" Mwanga wa mchana huzidisha madoa hata kukiwa na mawingu. Tumia krimu ya kukinga jua yenye namba 30 au zaidi, hasa kuanzia mwezi wa Machi. Zile zenye rangi ya udongo ndani yake huzuia madoa vizuri zaidi kwenye ngozi nyeusi, na haziachi uso mweupe kama umepakwa unga.

Halafu ngoja. Chunusi huanza kupungua baada ya wiki sita hadi nane, na madoa huchukua miezi. Anayekuahidi uso safi kwa siku saba anataka pesa yako.

LINI UMUONE DAKTARI

Nenda kwa daktari wako wa familia kama una vinundu vya ndani vyenye maumivu, kama chunusi zinaacha mashimo, au kama zimekuja ghafla pamoja na ndevu na hedhi kuvurugika. Nenda pia kama uso unawaka moto ukinywa chai au ukila pilipili, na vipele havina vichwa vyeusi. Huo huenda ni ugonjwa mwingine unaoitwa rosasea, ambao kwenye ngozi nyeusi wekundu wake hauonekani kirahisi, na dawa za chunusi zinaweza kuuzidisha.

Kama huna mutuelle au karatasi zako hazijakamilika, nenda CPAS ya komini yako uulize kuhusu "aide médicale urgente". Si ya watu mahututi peke yao, kama jina linavyofanya wengi wafikiri.

Yule dada wa tyubu tatu? Daktari alimpunguzia ile steroidi polepole. Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa migumu, alijifunika mtandio hata akienda dukani. Leo bado ana madoa mawili matatu kidevuni, lakini anaosha uso wake asubuhi bila machozi, na kwenye kabati lake la bafuni kuna vitu vinne tu.

Kwa leo naishia hapa. Mwambie na mwenzako ambaye anaona haya kuuliza. Nawatakia afya njema.